Kivuli cha Wageni Waalikwa

Ridhwan Mcha alianguka saa sita kasorobo mchana, kando ya barabara mpya, na watu wa kwanza waliomwona walidhani amelewa.

Alikuwa anatoka kituo cha afya kupima sukari, anarudi nyumbani kwa miguu kama alivyoagizwa. Njia ile aliijua kuliko alivyoijua sebule yake. Mwezi mmoja tu nyuma ilikuwa barabara ya kawaida ya Ng'ambo, nje kidogo ya Mji Mkongwe wa Unguja, magari mawili yakipishana polepole, na miti ya mikungu na mizambarau imesimama pande zote mbili, watu wakipita chini yake hata adhuhuri bila ya kuharakisha. Sasa ilikuwa pana na nyeusi, na hapakuwa na mti hata mmoja. Miti yote ilikatwa kwa siku mbili. Pale walipokuwa wakipita waenda kwa miguu pamefanywa maegesho, kwa hiyo mtu alitembea juu ya lami yenyewe, baina ya magari yaliyosimama na yale yanayokimbia.

Ilikuwa mwezi wa Februari na hapakuwa na pumzi ya upepo. Lami ilikuwa imelainika kwa jua. Ndara ya mguu wake wa kulia ikanasa, mkanda ukachomoka, na Ridhwan akaendelea kutembea. Hakujua. Sukari ilikuwa imezitia ganzi nyayo zake tangu mwaka juzi. Alikwenda zaidi ya hatua sitini kwa mguu mtupu juu ya lami ambayo mtu mzima asingeweza kuitulizia kiganja. Hakusikia maumivu, alichosikia ni kichwa kuwa chepesi na masikio kuziba. Alitafuta pa kukaa. Kulia kwake kulikuwa na gari, na kushoto kulikuwa na gari. Akajishika kwenye boneti ya moja, nayo ikamchoma mkono, akaiachia, akaenda chini.

Basi dogo la watalii lilipiga honi mara tatu, likamkwepa, likapita. Mtu mmoja aliyekuwa mlangoni mwa duka alisema kwa sauti kwamba ni aibu, mzee mwenye mvi na kofia kichwani, mchana kweupe. Mwengine akatoa simu akapiga picha. Ridhwan aliyasikia yote. Alitaka kuwaambia kwamba hajapata kuonja pombe tangu azaliwe, lakini ulimi ulikuwa mzito, na yale maneno yaliyomtoka yakasikika hasa kama ya mlevi.

Aliyemwinua alikuwa mwanamke muuza maji ya machungwa. Alimmwagia maji kichwani, akamnywesha, kisha akautazama mguu. Hapo ndipo alipowaita wale wanaume wa dukani kwa sauti iliyowafanya watoke mbio.

*

Nesi Nassra wa kituo cha afya alikuwa amemuaga Ridhwan robo saa tu kabla. Alipomwona anarudishwa kwa bajaji, mguu umefungwa leso, alifikiri amegongwa na gari. Akaifungua ile leso. Ngozi ya wayo ilikuwa imevimba malengelenge makubwa, na chini ya vidole ilikuwa imekwisha kutoka, imebaki nyama. Mwenyewe Ridhwan alikuwa amekaa kitini akiuliza kwa upole kwani kuna nini huko chini.

Mkewe, Bi Salhiya, alifika bado ana sindano imechomekwa kifuani mwa buibui. Alikuwa anashona kofia nyumbani, kazi iliyoiweka ile nyumba tangu Ridhwan alipoacha kutengeneza vyarahani kwa sababu ya macho. Nassra alimtoa nje ya mlango ndipo akamweleza. Mtu wa sukari mguu wake haufungi kidonda upesi. Mzee lazima apelekwe hospitali kuu leo hii, na waombe Mungu kisiingie kitu kwenye mfupa.

"Mimi ndiye nilomwambia atembee, Bi Salhiya," alisema Nassra. "Nilimwambia kila siku nusu saa, na kuja huku aje kwa miguu. Na ilikuwa inamsaidia. Sukari yake imeshuka miezi mitano mfululizo. Nnao watu kama yeye sitini hapa, wote nimewaambia watembee. Tangu wakate ile miti, nusu yao siwaoni tena."

Salhiya alimtazama yule binti, akamwona machozi yamemlenga, akamwambia kwamba kosa si lake. Alisema hivyo kwa utulivu. Lakini ndani ya utulivu ule alikuwa amekwisha kuanza kumtafuta mwenye kosa.

Siku ya nane daktari wa hospitali alimkata Ridhwan vidole vitatu vya mguu wa kulia.

*

Ofisi ya mradi wa barabara ilikuwa Mbweni, katika nyumba kubwa yenye ukuta mweupe. Salhiya alipanda gari mbili kufika. Mlinzi wa getini alimuuliza kama ana miadi, na alipojibu hana, akamwambia asubiri pale pale nje. Alisubiri. Ndani ya ukuta aliliona banda refu la mabati, jipya, limeezekwa vizuri, na chini yake magari sita ya ofisi yamejipanga kivulini. Alimuuliza mlinzi kama anaweza kwenda kusimama pale pembeni ya banda, jua lilikuwa linamuumiza kichwa. Mlinzi, naye kijasho kikimtoka, alisema hana ruhusa. Lile banda ni la magari.

Baada ya saa nzima na dakika arubaini aliitwa. Injinia Mahfoudh, msimamizi wa mradi, alikuwa kijana mtaratibu mwenye ndevu zilizochongwa. Alinyanyuka, akamwamkia shikamoo, Salhiya akaitikia marahaba, akavutiwa kiti. Chumba kilikuwa baridi mpaka jasho likamgandia mgongoni. Akaeleza. Alieleza yote, kuanzia ndara mpaka vidole, na Mahfoudh alisikiliza bila ya kumkatisha, akisema pole kila panapostahili pole.

Kisha akajibu. Alisema barabara ile ni ya maendeleo, itapunguza foleni, magari yanayotoka uwanja wa ndege kwenda mahoteli ya Uroa hayatakwama tena mjini. Mizizi ya miti inapasua lami. Isitoshe nafasi ilihitajika kwa maegesho, wafanyabiashara wenyewe waliomba.

"Kwa nini mzee asipande bajaji, mama?" aliuliza, na aliuliza kwa wema kabisa.

"Kaambiwa atembee. Kutembea ndiyo dawa yake."

"Basi angetembea alfajiri, jua halijatoka."

"Kituo kinafunguliwa saa mbili na nusu. Akipanga foleni anatoka saa tano, saa sita. Alfajiri atakwenda kupimwa na nani?"

Mahfoudh alifungua mikono yake juu ya meza, kama mtu aliyekwisha kutoa alichonacho. Hapo macho ya Salhiya yakaenda ukutani, nyuma ya kiti cha injinia. Palitundikwa picha kubwa iliyotiwa fremu. Ilikuwa ile ile barabara. Aliutambua mnara wa msikiti na ghorofa la kona. Lakini ndani ya picha barabara ilikuwa na miti pande mbili, mikubwa, matawi yamekutana juu. Chini ya miti palikuwa na njia pana ya miguu na watu wanatembea, mwanamke na mkoba wa sokoni, wazee wawili, mtoto na baiskeli. Na kila baada ya mwendo kidogo palijengwa baraza ya mawe, ya kukaa, kama zile za Mji Mkongwe.

"Na hii miti iko wapi?" aliuliza.

Mahfoudh aligeuka akaitazama picha kana kwamba amesahau kuwa iko pale. "Hiyo ni picha tu, mama. Ya kuonyesha. Wafadhili wanapenda kuona."

Salhiya alinyanyuka, akatoa miwani kwenye mkoba, akaisogelea. Hakuwa na nia ya kusoma chochote. Alitaka tu kuwaona wale wazee wawili kwa karibu, kwa sababu mmoja amevaa kofia iliyofanana sana na kofia za mkono wake. Ilifanana kwa sababu ilikuwa yake. Maua yake aliyajua. Chini, kwenye kona, palikuwa na herufi ndogo: *Mchoraji: Faiza Ridhwan Mcha.*

Aliaga. Injinia alimsindikiza mpaka mlangoni akamwombea mzee afueni.

*

Faiza alikuwa mtoto wao wa pekee. Alisomea uchoraji wa majengo, akapata kazi katika ofisi moja ya michoro Mji Mkongwe, na kila asubuhi alitoka na begi la kompyuta mgongoni, wazazi wake wakimtazama mpaka anapinda kona. Walijua anachora. Hawakuwahi kumuuliza anachora nini.

Alirudi baada ya laasiri akamkuta mama yake amekaa mkekani na kofia mkononi. Salhiya hakuanza kwa lawama. Alimwacha avue viatu, akampa maji, akamngoja anywe.

"N'ambie, mwanangu. Ulichora miti mingapi?"

Faiza hakujidai kutoelewa. Alikaa chini, pale pale alipokuwa amesimama.

"Arubaini na sita," alisema.

Akaeleza, na maelezo yalitoka kwa vipande. Aliposhika kazi ile aliifurahia kuliko zote. Alikwenda na kipimo akaipima barabara nzima kwa miguu, akahesabu kila mti uliokuwepo, akapanga ile ya zamani ibakie na mipya ijazie mapengo. Aliweka baraza kila baada ya hatua mia, mtu akichoka akae. Mawazo hayo aliyatoa Mji Mkongwe, ambako kila siku alipita kwenye vichochoro ambavyo nyumba zake zinapeana kivuli, wazee wamekaa barazani saa saba mchana wanapiga soga. Kwa nini iwe kule tu, kwa watalii kupiga picha? Ng'ambo pia wanakaa watu.

Ofisi ya mradi iliipenda ile picha. Kisha ikaja amri: picha ibaki kama ilivyo, lakini katika mchoro wa kujengea, ule wanaopewa mafundi, miti itolewe, baraza zitolewe, njia ya miguu ifanywe maegesho.

"Nani alikwambia utoe?"

"Bosi wangu. Naye kaambiwa na mradi."

"Ukatoa."

"Nkatoa. Mmoja mmoja. Saa nzima haikufika, mama."

Salhiya aliiweka kofia chini. "Ulijua ndiyo njia ya baba yako."

"Nilijua." Faiza alikuwa ameuinamia mkeka. "Ningekataa angefuta mwengine. Nna mkataba wa miezi sita sita tu, wangenitoa siku ile ile, na mchoro ungekuwa huo huo."

"Angefuta mwengine," mama yake alikubali. "Lakini huyo asingekuwa mtoto wa Ridhwan. Mimi leo nimesimama juani, nimekwenda kumlaumu mtu baki mbele ya meza yake, kumbe jina liliopo ukutani ni letu."

Alinyanyuka akaenda jikoni kutayarisha chakula cha hospitali. Faiza alisikia sufuria zinavyowekwa, polepole, bila ya kishindo, na akatamani mama yake angepiga kelele.

Chakula kile alikipeleka yeye mwenyewe. Aliketi ukingoni mwa kitanda akamweleza baba yake kila kitu, akimtazama mguu uliofungwa badala ya uso. Ridhwan alimsikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu, kama katika ile picha yake palikuwa na pahala pa kukaa. Faiza akajibu palikuwepo, kila baada ya hatua mia.

"Basi ilikuwa picha nzuri," Ridhwan alisema.

Faiza alitoka wodini kuchukua shuka la kubadilisha, akasimama nalo nje ya mlango, na hakuweza kurudi ndani kwa muda mrefu.

*

Mwishoni mwa Machi ilitangazwa kwamba barabara itafunguliwa rasmi. Ofisi ya michoro ilimpa Faiza kazi ya siku hiyo: asimame karibu na picha, avae vizuri, na mgeni rasmi akiuliza amweleze. Mradi ulikuwa na nusu ya pili, kutoka kituo cha afya mpaka skuli, na ilitakiwa mgeni aondoke ameridhika. Faiza alikubali. Wiki ile ile alikuwa amekwisha kuuchora mchoro wa hiyo nusu ya pili. Ilikuwa na miti thalathini na moja ya kukatwa, na kila mmoja ulikuwa umekwisha kupigwa msalaba mwekundu kwenye shina.

Siku ya sherehe lilifika gari mapema likashusha vyuma na vitambaa. Kufika saa tatu palikuwa pamesimama turubai kubwa jeupe kando ya lami, mahali ulipokuwa mkungu mkubwa kuliko yote. Ndani yake vilipangwa viti mia moja na ishirini vilivyovikwa vitambaa na mafundo ya utepe, na mafeni manne yenye kunyunyiza maji. Nje, juani, paliwekwa kiegemeo cha miguu mitatu na ile picha ya ofisini juu yake, ili wapiga picha wapate mwangaza.

Hiyo pia ilikuwa siku ya Ridhwan kusafishwa kidonda pale kituo cha afya. Sasa alitembea kwa magongo. Walimaliza saa tano kasorobo, na Salhiya alitaka kuita bajaji, lakini barabara ilikuwa imefungwa kwa ajili ya sherehe. Hakuna chombo kilichoruhusiwa mpaka wageni waondoke. Wakaanza kwenda kwa miguu. Nyuma yao walifuata wengine waliotoka kituoni: mama mjamzito, mwanamke na mtoto mwenye homa begani, wazee wa sukari na wa presha. Wote walikwenda pembezoni mwa lami, wameinamisha vichwa.

Walipofika usawa wa turubai Ridhwan alisimama. Salhiya alimtazama, akautazama ule weupe wa vitambaa, akamshika kiwiko akamwingiza ndani, safu ya mbele, akamkalisha. Naye akakaa.

Kijana wa mapokezi mwenye beji alikuja mbio. Aliwaamkia, kisha akaomba kadi za mwaliko. Salhiya akataka kujibu, lakini Ridhwan alimwekea mkono. Tangu siku ile aliyoitwa mlevi alikuwa mchache wa maneno, hata nyumbani.

"Kadi sina, mwanangu," alisema. "Nna kichwa kinazunguka. Siku ile kilipozunguka hapa hapa palikuwa hapana pa kukaa, nikakaa juu ya lami. Leo pana kiti, na mimi nshakaa. Ukitaka niondoke ita watu waninyanyue."

Yule kijana aliutazama mguu, akatazama huku na huku kumtafuta mkubwa wake. Alipokuwa bado anatafuta, mama mjamzito naye akaingia akakaa. Kisha yule mwenye mtoto. Kisha wazee, mmoja mmoja, wakivua kofia kujipepea. Wenye maduka, waliokuwa wanatazama kwa mbali, nao wakaja, na muuza maji ya machungwa akaja na ndoo yake. Ndani ya robo saa viti mia moja na ishirini vilikuwa na watu, na mafeni yalikuwa yanawanyunyizia maji watu ambao hawakuwa na kadi.

Injinia Mahfoudh alifika akaona. Alimtambua Salhiya, na uso wake ukabadilika. Aliwaendea, akaomba kwa sauti ya chini, akasema wageni wako njiani, waheshimiwa, na waandishi wa habari wamekwisha kufika. Salhiya alimjibu kwa sauti ile ile ya chini kwamba wao hawana ugomvi na mtu, wamekaa kivulini tu, na kivuli kikipatikana pahala pengine watahamia. Mahfoudh aliwatazama wale wenye kamera, akawatazama wagonjwa, akaelewa kwamba hawezi kumburuta mtu yeyote.

Msafara ukaingia. Mgeni rasmi, mtu mnene aliyevaa suti nzito, alishuka akapunga mkono kwa turubai lililojaa, akadhani ni wananchi waliokuja kumlaki. Akatafuta kiti chake. Palipita mnong'ono kutoka sikio moja kwenda jingine, na mwisho wake mgeni rasmi na watu wake wote wakapelekwa kusimama mbele ya picha, juani. Sheha wa mtaa alisoma risala. Ilikuwa na kurasa tano. Kwenye ukurasa wa pili kola ya mgeni ilikuwa imelowa. Kwenye wa nne alitoa leso akajifunika utosi, akamgeukia Mahfoudh.

"Hapa hakuna hata mti?"

"Ipo kwenye mpango, mheshimiwa," Mahfoudh alisema upesi, akaonyesha picha. "Kama unavyoona. Mchoraji wetu huyu hapa, atakueleza."

Mgeni akaitazama picha, akageuza shingo akaitazama barabara, akarudi tena kwenye picha. "Imepandwa upande gani?"

Faiza alikuwa ameyatayarisha maelezo aliyopewa, yameandikwa kwenye karatasi mkononi mwake. Mbele yake, hatua kumi tu, baba yake alikuwa amekaa na magongo yamelala mapajani.

"Haikupandwa," alisema. "Miti hii niliichora mimi, mheshimiwa, na mimi ndiye niliyeifuta. Picha ni hii, lakini mchoro wa kujengea hauna hata mmoja. Wala hauna njia ya miguu, wala pa kukaa. Na nusu ya pili pia nimeichora mimi. Kule skuli imo miti thalathini na moja ya kukatwa, na wa kupandwa haumo. Niliambiwa nifute nikafuta, na yule pale ni baba yangu. Alitoka kupima sukari akapita hapa, na hii lami imemtoa vidole vitatu."

Hakupaza sauti, lakini kipaza sauti cha sheha kilikuwa wazi. Maneno yakatoka kwenye spika zote, mpaka ya mwisho iliyofungwa karibu na kituo cha afya, ambako Nesi Nassra alikuwa amesimama dirishani.

Mgeni rasmi alimtazama Mahfoudh kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akakata utepe, hakutoa hotuba, akaingia ndani ya gari lake na kufunga kioo.

*

Asubuhi ya pili Faiza alipata ujumbe wa simu kwamba asihangaike kufika kazini, vitu vyake atapelekewa. Vilikuja mchana ndani ya mfuko wa nailoni: kikombe, rula, na mtandio wa kusalia. Salhiya aliupokea mfuko mlangoni, akaukunjua ule mtandio, akaukunja tena vizuri, akauweka kitandani mwa binti yake. Halafu akamkaangia samaki, bila ya siku kuwa na sherehe yoyote. Hilo ndilo lililokuwa neno lake.

Siku tatu baadaye walikuja watu na ndoo za chokaa wakaifuta ile misalaba myekundu, mti hadi mti, kutoka kituo cha afya mpaka skuli. Nani aliyetoa amri hakutajwa. Iliyokwisha kukatwa haikuwa na wa kuirudisha. Mahfoudh alihamishiwa mradi mwengine, wenye banda la magari kubwa zaidi. Hakuna mtu wa ofisi ile, mkubwa wala mdogo, aliyekwenda kumjulia hali Ridhwan. Hakuna aliyeandika hata mstari mmoja kwamba kosa lilifanyika. Taarifa ya habari ilisema barabara imefunguliwa kwa mafanikio.

Mvua za masika zilipokolea likaja lori na miche ya mikungu arubaini na sita. Ilipandwa haraka haraka, kwenye matundu yaliyotobolewa baina ya maegesho, na kila mmoja ukafungwa kamba kwenye kijiti. Faiza alikwenda kuihesabu, akarudi akasema idadi ni ile ile aliyoiandika, mtu kaunakili mchoro wake bila ya kumwambia. Mama yake aliuliza itachukua muda gani kutoa kivuli cha kumsitiri mtu. Miaka saba, Faiza alijibu, ikimwagiliwa. Salhiya akapiga hesabu ya miaka ya mumewe.

Juma la kwanza la mwezi wa Juni Ridhwan aliacha gongo moja. Akasema atakwenda kituoni kwa miguu. Walikwenda watatu, polepole, yeye katikati. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua na lami ilikuwa inafuka moshi. Alipochoka hapakuwa na pa kukaa, baraza hazikuletwa na lile lori. Akasimama tu, amejiegemeza kwenye gongo, kando ya mmoja wa ile miche. Ulikuwa na majani manne na haukumfika gotini. Kivuli chake yeye Ridhwan kilikuwa kimeulalia wote.

Faiza akamwambia asogee, wapite upande wa pili kwenye ukuta, kule labda kuna nafuu kidogo.

"Ngoja," baba yake alisema, bila ya kucheka. "Nikiondoka unaungua huu."

Wakasimama hapo, magari yakipiga honi.